Laptop iliyokataliwa na Windows 11: Linux na seva ya nyumbani bila kutishana

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, makundi ya WhatsApp ya walimu na wenye steshenari hapa kwetu Unguja hayajatulia. Mmoja kasikia kwamba laptop zote za zamani zitajizima zenyewe. Mwengine anashauri watu wahamie Linux kwa sababu "haiingii virusi". Wa tatu anamjibu kuwa Linux ni ya wadukuzi, na wa nne anauliza kama kweli laptop kongwe inaweza kugeuzwa "seva" na mtu akaachana na bando. Majibu ni mengi na yanapingana, kwa hiyo tuanze chini kabisa.

Windows 10 haijazimwa. Kompyuta iliyo nayo inawaka leo kama ilivyowaka mwaka juzi. Kilichokoma ni masasisho ya bure ya usalama, zile apdeti zinazoziba matundu yanayogunduliwa kila mwezi. Tundu litakalogunduliwa sasa litabaki wazi. Upo mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama pekee, ambao kwa watumiaji wa nyumbani unakwenda hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Anayeweza ajiandikishe, apate muda wa kupumua.

Kwa nini basi watu wasihamie Windows 11, jambo likaisha? Kwa sababu Windows 11 inachagua mashine. Inataka kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele, ukiacha chache zilizosamehewa. Kizazi unakijua kwa kutazama namba iliyoandikwa baada ya i3, i5 au i7: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-7200U cha saba, i5-8250U cha nane. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo, yaani kizazi cha kumi. Ukiulizia laptop ya mtumba Darajani hutakosa kuoneshwa ya kizazi cha sita au cha saba: mashine imara, kibodi nzuri, na Windows 11 haiitaki. Njia za kuilazimisha zipo, lakini Microsoft haitoi ahadi yoyote kwamba mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma itaendelea kupata masasisho.

Hapo ndipo jina la Linux linapoingia. Mfumo endeshi ni programu mama inayosimama kati ya mtu na mashine: inawasha skrini, inasoma diski, inaipokea kibodi na kuzigawia nafasi programu nyengine. Windows ni mfumo endeshi kamili. Linux, tukitaka kusema kwa usahihi, ni kiini tu, ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vyuma. Aliianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Simu za Android zinatumia kiini hichohicho, kwa hiyo anayeapa kwamba hajawahi kuigusa Linux kaigusa alfajiri alipozima alamu.

Zifikirie gari zetu za abiria za mbao, zile za kwenda shamba. Injini na chesisi vinatoka kiwandani ng'ambo vikiwa tayari. Bodi inajengwa na fundi wa hapa, na kila fundi ana mkono wake. Huyu anaweka viti virefu vya ubavuni, yule anapanua keria ya juu kwa ajili ya mikungu ya ndizi na magunia. Kiini cha Linux ndiyo injini. Bodi ndiyo inayoitwa distro, na zimo nyingi: Debian, Ubuntu, Fedora, Linux Mint na kadhalika. Mtu akikwambia "Linux ngumu", muulize kapanda gari ya nani.

Kwa anayetoka Windows mimi nasema Linux Mint, na sitaki mjadala mrefu. Menyu ipo chini kushoto alipoizoea. Laptop ya RAM GB 4 ichukue toleo la Xfce ambalo ni jepesi. Ya GB 8 na zaidi ichukue Cinnamon. Mint 22 inahudumiwa hadi mwaka 2029. Na kama una pesa ya kufanya jambo moja tu kwenye mashine kongwe, itoe diski ya kuzunguka uweke SSD, diski isiyozunguka ambayo ni nyepesi zaidi kusoma. RAM itasubiri.

Hofu moja inafaa kuondolewa mapema. Hapa mjini tumezoea Windows ya kuvunjwa kufuli, inayowekwa na fundi kwa fleshi aliyoitoa mfukoni, na tumezoea pia kuliita jambo hilo "ya bure". Linux ni bure ya aina nyengine. Leseni yake inakuruhusu waziwazi kuitumia, kuinakili na kumpa jirani. Faili lake la kupakua kwa Mint ni takriban GB 3. Ukilipata kwa mwenzako mwenye intaneti ya waya, hujamwibia mtu, na bando lako limesalimika. Ile programu ya kuvunja kufuli, kinyume chake, ndiyo aghalabu inayoingia na mdudu wake.

Huhitaji kufuta chochote ili kujaribu. Faili hilo linaandikwa kwenye fleshi ya GB 8 kwa programu kama Rufus au balenaEtcher (kulikopi tu kama picha hakutoshi, na fleshi itafutwa yote), kisha unaiwasha laptop kutoka kwenye fleshi. Mfumo mzima unafunguka bila kugusa diski. Pita kila mahali: Wi-Fi inashika? Spika zinalia? Kamera? Chomeka printa ujaribu ukurasa mmoja. Nyingi za HP zinakubali bila tabu, za baadhi ya kampuni nyengine zinakusumbua. Kama Wi-Fi haikushika hapa, haitashika kwa miujiza baada ya kusakinisha, na ni afadhali ujue sasa.

Wengine wanapenda kuweka mifumo miwili kwenye mashine moja. Inawezekana, ila kwanza angalia kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, na kama imefungwa, hifadhi ule ufunguo wake mrefu wa tarakimu 48 mahali pengine kabla hujagusa kitu. Halafu kuna kichekesho cha saa. Linux huiandika saa ya ndani ya mashine kwa majira ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Unatoka Linux saa sita mchana, unafungua Windows, inakwambia saa tatu asubuhi. Mwenye kutegemea laptop kujua adhuhuri ataisali kadha, wakati umeshapita. Dawa ni kufungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na kuandika mara moja tu:

timedatectl set-local-rtc 1

Kwenye kazi za ofisini, LibreOffice inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Malalamiko makubwa ni kwamba "barua imeharibika": mistari imehama, ukurasa mmoja umekuwa miwili. Mara nyingi kosa si la programu, ni la herufi. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft na hazimo ndani ya Linux, kwa hiyo mfumo unaweka herufi nyengine zenye upana tofauti. Sakinisha Carlito na Caladea, ambazo zimetengenezwa kwa vipimo vilevile vya Calibri na Cambria, na nusu ya malalamiko itakwisha. Ukipeleka kazi steshenari kuchapisha, ipeleke ikiwa PDF.

Wapo ambao siwashauri wahame. Mchoraji wa AutoCAD, anayeishi kwa Photoshop, mhasibu ambaye programu ya ofisi yake inakubali Windows tu: hawa wabaki walipo, au waweke mifumo miwili. Kumshawishi mtu ahame kisha ashindwe kufanya kazi yake Jumatatu ni kumtia chuki ya bure.

Sasa virusi. Kila mwenye steshenari anaijua fleshi inayokuja na njia za mkato tupu: mwanafunzi anaifungua, folda zake zote zimepotea, zimebaki alama zenye vishale. Kilichotokea ni kwamba mdudu ameyapa mafaili alama ya "yafichwe", na Windows imetii. Ichomeke fleshi hiyohiyo kwenye Linux: mafaili yote yapo, kwa sababu Linux haiifuati alama hiyo ya Windows. Pembeni utamwona na mdudu mwenyewe amekaa, mara nyingi faili lenye mwisho wa .exe au .vbs, hana la kufanya maana lugha yake ni ya Windows. Unayanakili mafaili, unaifomati fleshi, mwanafunzi anaondoka anatabasamu.

Watu wanaona hivyo wanasema Linux haipati virusi. Hapana. Virusi vya kompyuta za mezani vimeandikwa zaidi kwa Windows kwa sababu huko ndiko waliko watu wengi, lakini seva za Linux zinashambuliwa usiku na mchana. Mwezi Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopenyezwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo kwenye distro nyingi. Aliustukia kwa sababu kuingia kwenye mashine kulichelewa kwa nusu sekunde. Ulinzi wako basi ni masasisho. Mint ina alama ya ngao kwenye kona ya chini kulia. Ikiwa na jambo, ibofye. Kwa kawaida haipakui mpaka umekubali, kwa hiyo mwenye bando dogo anachagua siku. Wanaopenda terminali wana amri mbili: sudo apt update inaleta orodha ya vilivyo vipya, sudo apt upgrade inavileta vyenyewe. Neno sudo maana yake unaiambia mashine ikutii kama mwenye nyumba. Kwa hiyo usinakili amri yenye sudo kutoka kwa mtu usiyemjua kama huielewi.

Tuje kwenye seva, ambako mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Seva ni kompyuta yoyote inayokaa macho ikizihudumia nyengine. Haihitaji kabati la vyuma wala chumba cha baridi. Laptop ile ya kizazi cha nne yenye skrini iliyopasuka inatosha kabisa.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Wi-Fi si intaneti. Ruta yako inafanya kazi mbili tofauti. Moja ni kuviunganisha vifaa vya ndani ya nyumba vizungumze. Ya pili ni kuvipeleka nje. Bando likiisha, kazi ya pili inasimama, ya kwanza inaendelea kama kawaida. Simu ya mama jikoni na laptop iliyoko sebuleni bado zinaonana. Kwa hiyo yule wa kundi la WhatsApp hakukosea sana: seva haikupi intaneti, lakini vitu vingi mnavyovitafuta intaneti kila siku vinaweza kukaa ndani, vikatumika na watu wote wa nyumba bila kula hata megabaiti moja ya bando.

Vitu gani? Programu ya Jellyfin inazipanga video na sauti zako, taarabu za zamani, mawaidha, katuni za watoto, kila mmoja anazifungua kwenye kivinjari cha simu au kwenye televisheni. Samba inaweka folda ya pamoja inayoonekana hata kwenye Windows, nzuri kwa steshenari yenye kompyuta tatu zinazopokezana fleshi. Syncthing inazivuta picha za simu kuja kwenye seva kila simu inapoingia Wi-Fi ya nyumbani. Ninayoipenda zaidi ni Kiwix, inayohifadhi Wikipedia nzima isomeke bila intaneti. Ya Kiingereza pamoja na picha zake ni zaidi ya GB 100. Ya Kiswahili ni ndogo mno ukilinganisha. Ipakue mara moja kwa mwenye intaneti ya waya, na skuli yenye ruta moja na laptop moja kuukuu inapata maktaba.

Seva ikishawaka, simu inaifikia kwa anwani kama http://192.168.1.20:8096 (hiyo 8096 ni mlango wa Jellyfin). Tatizo la kawaida: leo inafunguka, kesho haifunguki. Ruta ndiyo inayogawa anwani, na ikizimwa inaweza kuzigawa upya. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uiwekee seva anwani ya kudumu. Na kama unakaa Mji Mkongwe, kwenye kuta zile nene za mawe na chokaa, usiipigie Wi-Fi magoti. Iunge seva na ruta kwa waya, na simu zitumie mawimbi ya 2.4 GHz ambayo yanapenya ukuta vizuri kuliko yale ya 5 GHz.

Umeme unahitaji maneno zaidi. Unguja tunategemea umeme unaokuja kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Bara, Pemba nao wana yao kutoka Tanga tangu 2010, na aliyeishi Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 hahitaji kuelezwa maana ya kebo kuharibika. Siku hizi ni kukatika kwa kawaida tu, lakini seva haipendi kuzimwa ghafla. Ndiyo maana nasema laptop badala ya kompyuta ya mezani: betri yake ndiyo kinga yake. Kwenye mipangilio ya umeme iamuru ijizime kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha, na ukifunga kifuniko isilale. Kwa seva isiyo na madirisha ya kubofya kwenye skrini, ya kuandikia amri tu, jambo hilo la kifuniko linawekwa ndani ya faili la /etc/systemd/logind.conf kwa mstari huu:

HandleLidSwitch=ignore

Usisahau ruta. Umeme ukikatika laptop inabaki macho lakini ruta inalala, na seva isiyo na ruta haina wa kuihudumia. Vipo vibetri vidogo vya ruta, vinatosha.

Betri yenyewe inaweza kukugeuka. Laptop iliyochomekwa usiku na mchana, betri imejaa asilimia 100, kwenye chumba chenye joto la kaskazi, betri yake inaweza kuvimba. Dalili unaziona kwa mkono: kipande cha kuchezeshea kishale kinakuwa kigumu kubonyeka, kifuniko cha chini kinaachana, laptop inayumba ukiiweka mezani. Izime, mpe fundi aitoe, usiitoboe. Kuzuia, weka kikomo cha kuchaji kwenye asilimia 80. Laptop kama ThinkPad zinakubali kwa programu ya TLP. Iweke mahali penye hewa, mbali na dirisha linaloleta upepo wa chumvi.

Gharama? Laptop kuukuu iliyotulia inakula kama wati 15. Zidisha kwa masaa 24 na siku 30, unapata yuniti 10.8 kwa mwezi kwenye mita yako ya Tukuza. Kompyuta ya mezani ya wati 60 ingekula yuniti 43.

Kuifikia seva ukiwa nje ya nyumba ndiko wanakoharibikia wengi. Maelekezo ya mtandaoni yanakwambia ufungue mlango kwenye ruta. Kwa ruta ya laini ya simu kwa kawaida haitafanya kazi, kwa sababu kampuni inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Na ikifanya kazi ni hatari zaidi, maana mashine za kutafuta milango iliyo wazi zinabisha hodi dunia nzima bila kuchoka. Tumia Tailscale, inayojenga njia iliyofungwa kati ya simu yako na seva, popote ulipo, bila kufungua mlango wowote kwenye ruta.

Mwisho, nakala za akiba. Picha za harusi zikiwa kwenye seva tu, hazina bekapu. Zimehama tu kutoka simu kwenda diski moja nyengine inayoweza kufa. Hata Timeshift iliyomo kwenye Mint inahifadhi mfumo, si picha zako. Tafuta diski ya nje, ifunge kwa nywila (programu ya diski ya Mint inaweza, kwa njia iitwayo LUKS), nakili kila kitu, kisha iondoe nyumbani. Mwenye ndugu Wete, Pemba, ampe aende nayo, ikae kabatini kwake, na ije tena na msafiri baada ya miezi miwili mitatu. Kabla haijapanda meli, fungua picha mbili tatu kutoka kwenye diski hiyo uhakikishe zinafunguka. Ikirudi, amri ya rsync -a inalinganisha pande mbili na kunakili yaliyo mapya tu, kwa hiyo kazi iliyochukua usiku mzima mara ya kwanza inakwisha kabla chai haijapoa.